Mashine ya Mjomba na Albamu ya Kwanza ya Upupu Bendi

Jumamosi, 3 Julai 1999

Lionja. Nimeamua! Upupu Bendi inatoa albamu mwezi huu huu, kabla ya Saleh wa Ruangwa. Saleh ana kinanda cha betri na suti mbili, anapiga harusini, akina mama wanamtunza mpaka anajisahau. Mimi nina gitaa la nyuzi nne (mbili zilikatika, sijaona tofauti). Jonasi anapiga madebe. Semeni anafoka, na wilaya nzima hakuna anayemfikia kwa kufoka. Muziki wetu ni ule niliousikia kwenye kanda aliyoiacha mzungu wa mradi wa visima. Vijana wanapiga mayowe kama nyumba inawaka, hakuna hata mmoja anayejua chombo chake, na bado wametoa albamu! Nilipoisikia nililia. Kumbe miaka yote nilikuwa tayari.

Kikwazo kimoja. Mjomba Kipriani kapasuliwa ngiri, daktari kamkataza kubeba mzigo. Mama kaniondoa Nachingwea mjini nije kumpulizia mikorosho dawa ya salfa. Maua yameanza. Mjomba kasema bila salfa ugonjwa wa ubwiriunga utakula maua yote, na Goreti, binti yake, hatapata ada ya chuo cha uuguzi Januari. Kalisema hilo mara tatu. Ana tabia ya kurudiarudia.

Jumatatu, 5 Julai

Nimeamka na umande, mashine ya salfa mgongoni. Kuvuta kamba tu, Mungu wangu! Ngurumo! Kifua kizima kinatetemeka. Nimepulizia mikorosho kumi na mmoja, halafu nikasimama nikiongeza moto na kupunguza, nikiongeza na kupunguza. Hiki ndicho chombo tulichokikosa!

Goreti kaja kuuliza kwa nini nimesimama wakati salfa yote inaishia kwenye mti mmoja. Ana barua ya kukubaliwa chuoni, basi anajiona mkaguzi. Nimemwambia naipasha moto.

Alhamisi, 8 Julai

Nimemwambia Mjomba plagi imechafuka, lazima mashine iende kwa fundi mjini. Akataka kuifungua mwenyewe. Nikamkumbusha mshono wake, akakaa. Kasema kesho kutwa niwe nimerudi, maana ukungu umeanza kushuka asubuhi. Nimeapa.

Goreti kanisaidia kuifunga kwenye baiskeli. Kapiga mafundo mawilimawili na kuniomba nisipite njia ya makorongo. Nilijisikia vibaya hadi kona ya kwanza.

Jumamosi, 10 Julai

Siku ya kihistoria! Tumerekodi kwa Kaimu, anayenakili kanda karibu na stendi. Studio ni stoo yake, magunia ya ufuta tumeyatundika ukutani. Jonasi kasema ile oili inayochanganywa na petroli ndiyo inayoipa mashine sauti ya kizee. Tukitia petroli tupu, italia kwa ukali. Jonasi aliwahi kuosha pikipiki za watu, kwa hiyo nikamwamini.

Ililia kweli. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri, ingawa Semeni hakusikika. Wimbo wa pili, salfa iliyobaki kwenye tangi ikatoka yote kwa mpigo. Stoo ikawa njano! Macho yanachoma, Kaimu anatapika kwenye boksi la kaseti, Semeni anapiga mayowe ambayo hatukuyapanga. Hajawahi kuimba vizuri namna ile. Wimbo wa tatu mashine ikapanda, ikapanda, ikatoa kriiiiii moja ndefu, ikanyamaza. Tukavuta kamba. Haivutiki.

Fundi kaifungua. Pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Kasema hii si ya kutengeneza, ni ya kuzika. Basi albamu itakuwa na nyimbo tatu.

Jumatano, 14 Julai

Nimemwambia Mjomba fundi anasubiri kipuri kutoka Masasi. Kauliza kipuri gani. Nikasema cha ndani.

Nakala sita zimetoka! Jalada nimelichora mwenyewe, jina langu kubwa: BONIFASI NA UPUPU BENDI. Semeni kajitoa. Kaniarifu kwa karatasi, maana sauti haijarudi.

Goreti kaenda Marambo kwa miguu kuazima mashine. Wiki hizi nani ataazimisha? Kila mtu anahangaika na maua yake. Nilimwona akirudi jioni, vumbi hadi magotini, anachechemea. Nilikuwa nimekaa barazani na kanda mfukoni. Sikumwambia kitu.

Jumapili, 25 Julai

Maua yameota unga mweupe. Mjomba anagusa shada kwa kidole, anautazama ule unga, anajifuta kwenye suruali, anakwenda mti mwingine. Kutwa nzima hajasema neno. Afadhali alipokuwa anarudiarudia.

Lakini habari njema! Evodius, bwana shamba wetu, mtu wa Bukoba, kaisikia kanda yetu kwa Kaimu na kuichukua. Kasema kaisikiliza mara nne. Anataka kuicheza kwenye mkutano wa wakulima, hapa hapa Lionja! Saleh hajawahi kualikwa na serikali.

Jumamosi, 7 Agosti

Onyesho. Uwanja wa shule, watu zaidi ya mia, mimi na shati jeusi. Bwana shamba kaipeleka kanda moja kwa moja hadi wimbo wa tatu. Kimya! Watu wote kimya! Kriiiiii. Kisha akasema mmesikia, ndugu wakulima, hivyo ndivyo injini inavyokufa ukiitilia petroli bila oili. Akairudisha nyuma, akaicheza tena. Na tena. Mzee mmoja akavua kofia.

Mjomba alikuwa mbele, kwenye kiti walichompa kwa ajili ya mshono. Mara ya pili aliinua kichwa. Mara ya tatu alisimama. Ile mashine ilikuwa na tundu alilolifunika mwenyewe kwa kipande cha bati, kwa hiyo kabla ya kupanda hukohoa mara mbili. Aliijua kama mtu anavyomjua mwanawe akilia nyumba ya jirani. Akamwuliza bwana shamba kanda hii imetoka wapi. Bwana shamba, kwa adabu zake, akamwonyesha jalada.

Hakunitukana. Goreti alimshika mkono wakaondoka polepole, watu wakiwapisha. Niliona aibu. Naandika wazi, aibu ya kutaka ardhi inifunike.

Ila hata bwana shamba kakiri kwamba sauti ilitoka safi.

Jumapili, 15 Agosti

Maua yamekuwa meusi, ukipita yanadondoka. Mjomba kaacha kwenda shambani. Goreti kaondoka leo kwenda Namungo, kuponda mawe ya dhahabu. Barua ya chuo kamwachia baba yake. Nimembebea mzigo hadi barabarani, maana hapakuwa na mwingine wa kuubeba.

Njiani kasema jambo moja tu. Mashine angenisamehe. Lakini siku ile ya Marambo nilimwona anachechemea, nikakaa kimya, hilo hawezi. Lori likafika. Akapanda nyuma, juu ya magunia, hakunipungia mkono. Nimelia, na si kidogo.

Utingo wa lile lori ndiye aliyeniambia, alipokuwa anapokea mzigo. Kule Namungo kuna pampu ya dizeli inayonyonya maji mashimoni kutwa kucha. Inasikika hadi kijiji cha pili! Albamu ya pili hii hapa! Nimeshamwandikia Goreti anisemee kwa mwenye shimo. Tunaihitaji asubuhi moja tu, tena saa za kazi. Wachimbaji wote watakuwa chini, hata hawatajua kwamba imeondoka.