Mazoezi ya Kuzunguka Benchi

Gazeti liliandika kwamba mkimbiaji wa mbio za kilomita mia alikutwa porini akigombana na jiwe. Alilituhumu kwamba limekuwa likimfuata tangu asubuhi. Niliisoma habari hiyo kwa sauti, pole pole, maana kwenye benchi letu la kahawa gazeti hulisoma mimi.

"Na jiwe likajibu nini?" akauliza Soli, mshona viatu.

"Gazeti halisemi."

"Basi hiyo si habari, ni umbea. Wangelihoji na jiwe."

Shangazi, mwenye birika na mwenye benchi, akamgeukia Breki kinyozi. "Na wewe Jumapili utagombana na nini?"

Breki akatazama kikombe chake. Jumapili naye alikuwa anakwenda kukimbia kilomita mia. Mara mbili amejaribu, mara mbili amekaa chini katikati ya njia. Jina la Breki hatukumpa bure. Safari hii binti yake amelitangazia darasa zima kwamba atasimama kwenye utepe wa kumalizia mbio kumpokea baba.

"Miguu ninayo, Shangazi. Tatizo kichwa. Nikifika katikati kinaniambia, kaka, kaa kidogo. Sasa mtu anakuita kaka, utamkatalia?"

"Usikisingizie kichwa," Soli akasema. "Mazoezi gani yale? Unazunguka soko mara moja, unarudi hapa, unaagiza kahawa, unauliza tumefika wapi."

"Sasa mnaanza mada nzuri nikiwa upande wa pili wa soko, nifanyeje?"

"Mwili umeshazoea kwamba ukiona benchi, safari imekwisha," nikamwambia. "Na huko njiani kuna meza za maji, na watu wamekaa."

"Ndiyo yaliyonikuta mwaka jana, mzee wangu. Meza ya tatu walikuwa wanazungumzia talaka. Ningeondokaje kabla sijajua nyumba kachukua nani?"

"Mwenye talaka unamjua?"

"Mpaka leo simjui."

Tulicheka mpaka Shangazi akaweka birika chini. Breki hakucheka. "Labda nimwambie mtoto nimeumia goti," akasema.

"Goti lipi?"

Akashika la kulia. Akafikiri, akashika la kushoto.

Soli akachomeka sindano yake kwenye kiatu. "Jamani, mmesikia ya seremala wa majeneza? Leo asubuhi kuna mteja kamrudishia jeneza."

"Ndugu wa marehemu?" Breki akauliza.

"Marehemu mwenyewe. Kaja kwa miguu yake, kalibeba kichwani. Kalitua mlangoni, kamwita seremala pembeni, akamwambia..."

Soli akanywa kahawa. Akaifuta midomo. Akachukua kiatu kingine.

"Akamwambia nini?"

"Nitakwambia Jumapili, kwenye utepe. Ukiletwa na gari la wagonjwa, sikwambii. Ukikaa kwenye meza yoyote, sikwambii."

"Soli, usinifanyie hivyo. Nina familia."

"Kimbia."

Breki akanitazama mimi. Nikajificha nyuma ya gazeti. Akafunga kamba za viatu kwa hasira, akaondoka. Alipomaliza mzunguko wa kwanza alipunguza mwendo mbele yetu. "Nidokeze tu." Soli akamwonyesha njia. Mzunguko wa pili kikombe chake kilikuwa kinafuka moshi mkononi mwa Shangazi, akakipita. Mzunguko wa tatu hata hakugeuza shingo. Tangu tumfahamu, hakuwa amewahi kulipita benchi lile.

Alipopotea kwenye kona, sote tukamsogelea Soli.

"Haya, alimwambia nini?"

"Sijui," akasema Soli. "Nilikuwa naitunga papo hapo. Nilipofika pale seremala anaitwa pembeni, mawazo yakakatika."

Shangazi akamnyang'anya kikombe. "Una mpaka Jumapili. Na uwe mwisho wa maana, mtu anaufuata kilomita mia."

Tukabana kwenye benchi, tukaanza kuutunga. Wa kwanza kupendekeza nilikuwa mimi. Waliusikiliza mwisho wangu wote kwa heshima, kisha Shangazi akasema huo humfikisha mtu meza ya pili tu.