Habari za Bassu na Kiwele cha Taberkant

Njooni, enyi mliochoshwa na habari za wafalme waliotwaa miji! Wekeni chini bilauri zenu za chai, wanyamazisheni watoto, kaeni karibu na moto. Kwa maana leo atatajwa Bassu mwana wa Haddu, simba wa bonde la juu, aliyelinda daraja la mto jeshini miaka mingi bila daraja hilo kuibwa, na itasimuliwa jinsi alivyokabiliana na kiwele cha ng'ombe wa jirani yake asubuhi moja ya baridi, theluji ikiwa imekwisha kutwaa vilele na sasa inateremka kuja kutwaa vijiji.

Ng'ombe huyo mweusi aliitwa Taberkant, na alikuwa na pembe moja iliyopinda na kiburi cha sultani. Mwenyewe alikuwa Lalla Itto, yaani Bibi Itto, mjane. Binti yake Tuda, huko mjini Beni Mellal, alikuwa karibu kujifungua baada ya mimba mbili kuharibika, na Itto alikuwa ameapa kwamba safari hii atakuwa kando ya kitanda. Lori la sokoni lilikuwa linashuka asubuhi hiyo hiyo. Baada yake njia ya mlimani ingefungwa na theluji mpaka msimu ugeuke.

Basi mjane alikuwa amejiandaa kama mji unaongoja kuzingirwa. Majani makavu na mabua ya mahindi yalipangwa mpaka darini. Mbuzi walikwisha kuungana na kundi la shemeji yake, punda alikwenda kwa muuza chumvi, na kuku walihamia kwa mke wa imamu wakilalamika njia nzima. Alibaki Taberkant peke yake, ambaye hakukubali kukamuliwa na kiumbe mwingine chini ya mbingu. Mke wa imamu alijaribu, akarudi akichechemea. Shemeji alijaribu, akarudi bila ndoo. Kumuuza lilikuwa neno lisilotamkika, kwa kuwa ndiye ng'ombe wa mwisho kununuliwa na marehemu mumewe. Na ng'ombe asiyekamuliwa huvimba kiwele na kufa. Asipopatikana mkamuaji, Itto hasafiri.

Hapo macho ya kijiji yakamgeukia Bassu, maana ukuta wa nyumba yake umegusana na zizi, na theluji ikijaa ni yeye tu awezaye kulifikia. Lakini Bassu na Itto walikuwa wakisalimiana kwa meno tangu mwaka wa ukame, pale maji ya zamu ya mjane yalipopotea usiku mferejini, maharage yake yakakauka, na vitunguu vya Bassu vikanawiri kwa namna ya kustaajabisha. Bassu alishikilia kwamba fuko ndiye aliyetoboa ukingo.

Hata hivyo alikuja. Akasimama mlangoni pa zizi, kifua mbele, akanena:

"Lalla Itto! Mimi niliyelala mvuani mbele ya adui, mimi niliyesikia mizinga ikinguruma, leo nirudi nyuma kwa ajili ya chuchu nne? Leta ndoo! Leta kigoda!"

"Mizinga gani, bwana wewe? Si ulikuwa unalinda daraja?"

"Wangeweza kulipiga."

"Haya, vaa hii."

Ndipo shujaa akavikwa silaha zake. Mabegani alitundikwa shuka la sufu la mjane, lenye mistari na harufu ya moshi na karafuu. Kichwani alifungwa kitambaa chekundu cha mjane, kikakazwa kidevuni mpaka masharubu yakasimama. Akaketi, akanyoosha mikono. Taberkant akanusa shuka, akaridhika. Akamtazama aliyelivaa, akapiga teke. Ndoo ikabingirika mpaka uani.

"Anangoja maneno," Itto akasema, macho yake chini.

"Maneno gani?"

"Mimi nikikamua huwa naongea."

"Unaongea nini?"

"Nakusema wewe."

"Kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Ijumaa nafupisha."

Bondeni lori likapiga honi. Bassu akaiokota ndoo, akaanza kujishambulia kwa ulimi wake mwenyewe, mjane akimtilia maneno kinywani.

"Bassu kichwa maji," akasema.

"Kwa nguvu. Hasikii vizuri sikio hilo."

"Bassu kichwa maji! Bassu mchoyo, anahesabu lozi zikiwa bado mtini! Bassu anakoroma mpaka ukuta wa watu unatoa vumbi!" Akageuka. "Kweli nakoroma hivyo?"

"Endelea, mwenzangu."

Taberkant alitulia, masikio mbele. Lakini tone halikutoka.

"Limebaki moja," Itto akasema. "Ndilo analoshushia maziwa."

Bassu alilijua bila kuambiwa. "Ni fuko aliyetoboa," akamwambia ng'ombe. Ng'ombe akainua mguu.

Honi ikalia tena. Itto akakaa juu ya furushi lake, akaanza kulifungua. "Basi. Waambie waende. Tuda atajifungua na Mungu wake." Vidole vyake vililivuta fundo, halikufunguka. Bassu akaviona vidole vile, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani mwake.

"Bassu mwizi wa maji," akasema chini ya ubavu wa ng'ombe. Kisha kwa sauti: "Mwizi wa maji! Alifungua mfereji kwa jembe lake! Akayaona maharage ya watu yakikauka, akapita njia nyingine!"

Na maziwa yakashuka, yakaipiga ndoo kama mvua ya mawe juu ya bati.

Itto akalikaza tena fundo. "Hayo ya jembe sijawahi kumwambia."

"Nimeongeza."

"Miaka yote hii nimekutukana bila uhakika, Bassu."

"Sasa unao. Nisamehe, Lalla."

Itto akatwaa furushi lake. Alimpapasa Taberkant usoni, akateremka mbio. Kijiji kizima kilikuwa kimekusanyika kumcheka Bassu, aliyesimama kizingitini na kitambaa kile chekundu, naye hakukivua. Lori lilipoanza kuondoka, sauti ikapanda kutoka nyuma ya magunia:

"Bassu! Ijumaa fupisha!"

Basi na ikumbukwe, wakati miji iliyotekwa itakapokuwa imesahauliwa: siku ile Bassu mwana wa Haddu alitwaa nusu ndoo ya maziwa, na Itto akamwahi binti yake. Na Ijumaa ilipofika, waliopita kwenda msikitini walimsikia zizini akijitukana tangu mwanzo mpaka kwenye jembe, na hakufupisha hata neno moja.