Siku ya Mikono Mitupu

Matayo hakuwa na mke, wala shamba, wala baiskeli, wala cheti cha darasa lolote lililozidi la nne. Hakuwa na ndugu wa kumwazima godoro, maana wote waliokuwa na magodoro walikwisha kumwazima na hawakuyaona tena. Hakuwa na kazi, na kwa kuwa hakuwa na kazi hakuwa na barua ya mwajiri, na kwa kuwa hakuwa na barua ya mwajiri hakuwa na njia ya kubaki mjini Korogwe baada ya mwisho wa mwezi huo wa Julai. Ulikuwa mwaka wa Operesheni. Mtu aliyeonekana mjini akizurura alipandishwa lori akapelekwa kijijini kulima, na Matayo, aliyezaliwa katika kambi za wakata mkonge pale Ngombezi na kuuona mgongo wa baba yake ukipinda mwaka hadi mwaka, alikuwa ameapa kwamba yeye na jembe hawatafahamiana. Kitu kingine alichokosa ni haya, lakini hicho hakuwahi kukitafuta.

Asubuhi moja alikuwa katika hoteli ya Bernadina karibu na stendi, akinywa chai ya rangi polepole sana ili isiishe kabla hajatokea mtu wa kuilipia. Mtu huyo akatokea. Alikuwa dereva mmoja wa makamo, Habakuki kwa jina, mwenye shati la kaki na uso wa mtu aliyenyimwa usingizi.

"Mama, nipe chai na maandazi manne," alisema Habakuki. "Nimechoka na wasomi."

"Wasomi wamekufanyaje, ndugu yangu?" Matayo akasogeza kiti.

"Ninao wakuu saba wa vyuo vikuu kule Bungu milimani, kwenye nyumba ya wageni. Saba, na wake zao, na watoto wao. Wametoka nchi zetu hizi za jirani, wamekuja likizo hii kujifunza uongozi."

"Si viongozi tayari?"

"Ndiyo shida yenyewe. Asubuhi wanafundishana uongozi, mchana wanabishana nani mnyenyekevu kuliko wenzake, jioni watoto wanarushiana mapera. Sasa wanataka kijiji cha ujamaa. Wanataka washike jembe, wapigwe picha ya gazeti. Nimekwenda kwa wakubwa, nimeambiwa kila ofisa yuko kwenye Operesheni. Na wageni wanaondoka Jumapili."

Matayo aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeguswa moyoni.

"Kumbe barua yangu haikuwafikia," alisema.

"Barua gani?"

"Mimi ndiye Mratibu wa Ziara za Kujitegemea. Nimekaa hapa siku tatu nawangojea ninyi. Bernadina, chai yangu na ya ndugu huyu ni kitu kimoja."

Bernadina alitazama dari. Alikuwa amemjua Matayo akiwa Mkaguzi wa Mizani, akiwa Wakala wa Bima ya Mbuzi, na kwa wiki moja ya Kwaresima akiwa Mchungaji.

Saa nane mchana Matayo alikuwa Bungu, amesimama mbele ya wakuu saba wa vyuo vikuu waliovaa masweta, maana huko juu baridi ya Julai haina adabu hata kwa maprofesa. Aliwatazama kwanza mikono, kisha miguu. Aliona saa saba za mkononi. Aliona jozi saba za viatu vya ngozi vilivyong'aa. Aliona kamera mbili, na kalamu za wino zenye vifuniko vya rangi ya dhahabu. Moyo wake ukapiga magoti.

"Ndugu viongozi," alisema, "kijiji si bustani ya wanyama, mkaangalie watu wakilima. Wenzetu wa vijijini wamewaona wageni wengi wanaoshika jembe kwa mkono wenye saa. Wanacheka. Ndiyo maana tumeanzisha Siku ya Mikono Mitupu. Kiongozi anafika shambani, anavua kila kinachomtofautisha na mkulima. Saa, viatu, tai, kalamu. Anavikabidhi stoo. Analima kutwa hana kitu. Jioni anajua yeye ni nani."

Mwenyekiti wa mafunzo, Profesa Yordani, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, alikohoa. "Na vitu hivyo jioni?"

"Vinarudi kwa mwenyewe. Ila," Matayo alishusha sauti, "wapo viongozi ambao jioni hawakuviulizia kabisa. Hao wanakumbukwa."

Hapo mkuu mmoja mfupi mnene, Profesa Simeo, ambaye kwa siku nane alikuwa akishindana na Yordani katika kila jambo hadi idadi ya vijiko vya sukari, alisimama. "Mimi nitavua na mkanda."

"Mimi nitavua miwani," alisema Yordani papo hapo.

Mkewe Yordani, Mama Paulina, aliyekuwa akifuma soksi pembeni, hakuinua macho. "Bila miwani utalima mguu wako. Mimi mwenzenu si mkuu wa chochote, sitavua kitu."

Matayo alimwinamia kwa heshima. Alijua kila kundi lina mtu mmoja wa kuogopwa, na alikwisha kumwona.

Ijumaa akashuka kwenda kutafuta kijiji, maana Mratibu alikuwa na wageni lakini hakuwa bado na mahali pa kuwapeleka. Alikipata kimoja upande wa Kang'ata, nyumba mpya zimejipanga kwenye mstari, nyasi za mapaa zikiwa bado za kijani. Mwenyekiti wake, Mzee Mhina, alimsikiliza hadi mwisho.

"Una barua?" aliuliza.

"Barua iko njiani, mzee."

"Basi na wewe ungengojana nayo huko huko. Mgambo Kibwana, hebu njoo."

Kibwana alitoka kivulini na rungu lake. Matayo aliona lori la Operesheni likimjia kwa macho ya mawazo, hata vumbi lake akalisikia kooni. Aliyemwokoa ni bibi mmoja aliyekuwa akimenya mihogo karibu, Bibi Mwaija, mtunza stoo wa kijiji.

"Wewe ni wa kabila gani?" aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Baba yangu Mnyamwezi. Alikuja Ngombezi kukata mkonge."

Bibi Mwaija aliweka kisu chini. "Usiniamkie kwa adabu, mpagazi wewe. Ule mzigo wa babu yangu mlioubeba kwenda pwani mliupeleka wapi?"

Matayo alivuta pumzi. Utani wa Wazigua na Wanyamwezi aliunyonya pamoja na maziwa. "Tuliutupa Pangani. Tulidhani ni pembe, kumbe babu yako kajaza makumbi."

Wanawake wote waliangua kicheko. Kibwana alirudi kivulini. Mzee Mhina mwenyewe alisema kwamba mtani hafukuzwi kwa ajili ya karatasi, wageni waje, na majembe yapo. Usiku ule Matayo alilala juu ya kitanda cha kamba akijiona mtu aliyekwisha kuuza vitu vya wasomi na kufika Mombasa.

Jumamosi wageni walifika na magari mawili, pamoja na mpiga picha wa gazeti. Yote yalikwenda kama yalivyopangwa. Saa zilivuliwa, viatu vikavuliwa, tai zikakunjwa. Profesa Simeo alivua mkanda kama alivyoahidi, na kwa kutwa ile alilima kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kazi ya kushika suruali. Profesa Yordani, asiye na miwani, aling'oa mihogo michanga safu nzima na kuyaacha magugu yamesimama, akapongezwa na wenzake kwa kasi. Wake zao walikaa na kina mama wakatwanga. Watoto walipotelea kwenye michungwa wasionekane tena, na kwao pekee mafunzo yale ya uongozi yalikuwa yamefana.

Vitu viliwekwa stoo katika masanduku mawili. Saa sita mchana, jembe likiwa limekwisha kuwanyamazisha wasomi, Matayo alimwambia Bibi Mwaija kwamba anakwenda kuyaanika juani yasipate unyevu. Lori la pamba lilikuwa barabarani likielekea Korogwe, dereva wake amekwisha kupatana naye, na honi ilikuwa imelia mara moja. Matayo alijitwika sanduku moja kichwani, la pili mkononi, akashika kinjia cha nyuma ya nyumba. Kutoka pale hadi barabarani palikuwa na hatua mia mbili.

Kwenye hatua ya arobaini akamkuta Bibi Mwaija amekaa katikati ya njia, na nyuma yake wanawake tisa.

"Mpagazi," alisema Bibi Mwaija, "tua mzigo."

"Bibi, niache nipite, nina haraka."

"Mpagazi wa Kinyamwezi anapita kwenye shughuli yangu na mzigo, halafu nisiushike? Wataniona mimi si Mzigua. Mashavu, mshike huyo mkono. Hamisa, teremsha la kichwani."

Kabla hajajibu, sanduku lilikuwa chini na Bibi Mwaija alikuwa juu yake, amekaa vizuri kama aliyekuja kusalimia. Honi ikalia mara ya pili.

"Bibi, huu si wakati wa utani." Sauti ya Matayo ilikuwa imeanza kupoteza uratibu wake. "Hizi ni mali za wageni. Mimi nakasirika sasa."

Bibi Mwaija alimtazama kwa huruma kubwa.

"Mtani hakasiriki, mwanangu. Ukikasirika, wewe si mtani wangu. Na kama si mtani wangu, wewe ni nani? Barua huna. Kibwana yule pale anawasha kiko. Nimwite umweleze unakasirikia nini, na masanduku haya yalikuwa yanakaushiwa jua la wapi?"

Injini ya lori ilikuwa ikinguruma barabarani. Matayo alilitazama sanduku, akamtazama Kibwana, akaitazama barabara. Halafu alifanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya katika kazi yake ya miaka kumi na mbili. Alicheka.

"Umeniweza, bibi," alisema.

"Cheka vizuri. Hicho ni kikohozi."

Akacheka vizuri. Lori likaondoka.

Wanawake walifungua masanduku na kugawana, kama utani unavyoruhusu. Kisha, kwa kuwa walikuwa watu wazuri wasiopenda kula na kufuta midomo, walikwenda shambani kuwaonyesha wageni. Wakuu saba wa vyuo vikuu walinyoosha migongo wakaona wanawake kumi wakija kwa wimbo, wenye tai shingoni juu ya khanga, wenye viatu vya ngozi vilivyowazidi kwa vidole vitatu, na Bibi Mwaija mbele akiwa na saa nne kwenye mkono mmoja.

Profesa Yordani, ingawa haoni mbali, aliitambua saa yake kwa mng'ao. Akafungua kinywa. "Ile ni..."

"Ni jambo kubwa," alidakia Profesa Simeo, akiachia suruali kidogo ili apige makofi. "Mimi binafsi nimefurahi kwamba vyangu vimepata wenyewe. Sijui wenzangu. Labda wapo watakaotaka kurudishiwa."

Wenzake walitazamana. Mpiga picha wa gazeti alikuwa ameinua kamera yake, ambayo ndiyo pekee iliyobaki kwa mwenyewe. Hakuna mkuu wa chuo kikuu aliyetaka kuonekana Afrika nzima akimvua bibi kizee saa. Yordani alimeza mate, akapiga makofi kwa nguvu kuliko Simeo, akasema yeye alikuwa ameshaazimia hivyo tangu Bungu. Wengine watano wakaapa kwamba waliazimia kabla yake. Jioni waliondoka miguu mitupu, wakitembea kwa ncha za vidole kwenda garini, na Habakuki alisema baadaye kwamba Mama Paulina alianza kucheka Kang'ata na alikuwa bado anacheka walipovuka Mto Pangani. Miwani tu ndiyo iliyorudi, kwa kuwa Bibi Mwaija aliijaribu akaona dunia imepinda.

Matayo alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari la pili Kibwana alipomgusa bega na kumwomba kadi ya kazi.

"Huyo wetu," alisema Bibi Mwaija. "Mtani wangu amehamia. Mwenyekiti, mwandike."

Mzee Mhina akamwandika. Mtu aliyekwisha kuandikwa kijijini hakutoka bila ruhusa ya mwenyekiti. Jumatatu alfajiri Matayo alipewa kiwanja, nyasi za kuezekea na jembe, na wakafahamiana.

Baada ya wiki tatu ikaja barua kutoka kwa Profesa Yordani. Alishukuru kwa niaba ya wenzake, akasema mafunzo yajayo yatakuwa na wakuu kumi na wanne, na akauliza wajiandae vipi. Mzee Mhina alimwita Matayo, maana ndiye aliyejua namna waheshimiwa wanavyoandikiwa. Bibi Mwaija alikuja na kigoda chake kusimamia.

"Andika," alisema. "Mwakani kuna Siku ya Pili. Kiongozi anatoa nyumbani kwake kila kinachofanya kazi badala ya mikono yake, anakileta kwetu. Cherehani, pasi, taa za kandili. Na makoti, waambie, kwa sababu kiongozi wa kweli anaijua baridi."

Matayo aliandika. Aliandika vizuri mno, kwa sentensi zilizoinama kwa heshima na kunyanyuka kwa matumaini, hata Mzee Mhina akajipangusa jicho. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaongeza mstari wake mwenyewe.

"Lete nione," alisema Bibi Mwaija.

"Bibi, ni mwandiko wa kiofisi, utakuchosha."

"Nimekaa kwenye kisomo cha watu wazima miezi kumi na moja nachoshwa. Lete." Akaweka kidole kwenye karatasi, akakisogeza pole pole hadi chini. "Mra-ti-bu. A-i-twe. Bu-ngu. Ma-ra. Mo-ja." Aliinua macho. "Una haraka ya baridi, mtani?"

Akachukua kalamu ya dhahabu iliyokuwa imechomekwa kwenye kilemba chake, akaukata mstari ule mara mbili. Juu yake akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa kama kuku: VIATU VISIWE VIKUBWA.

Matayo aliisoma barua yote tena. Katika maisha yake hakuwahi kutunga ulaghai wa ukubwa ule, na hata kifungo kimoja cha koti hakikuwa chake. Bibi Mwaija aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akapaka uji mzito wa mahindi pembeni na kuikandamiza kwa kiganja hadi ikashika. Basi la Korogwe lilipopiga honi hakumpa Matayo. Alimpa Kibwana, naye Kibwana akakimbia nayo barabarani, akamtupia utingo dirishani.