Nahodha Kinyumenyume

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekamata kitabu cha tano! Au cha pili. Nani ajuaye? Kazi yangu kwenye ghala hili la karatasi taka ni kunyofoa majalada. Mkanda unaleta vitabu vilivyotupwa, mimi nang'oa jalada pamoja na kurasa za mwanzo kwa mkupuo mmoja. Jalada pipa hili, karatasi pipa lile. Hakuna anayenifikia kwa kasi, msimamizi mwenyewe kasema. Tatizo ni kwamba namba ya kitabu iko kwenye jalada, na nikikumbuka kutazama, pipa limeshaondoka.

Ni hadithi ndefu ya nahodha wa chombo cha angani, vitabu vinane. Binti yangu anaisoma huko nyumbani, maktaba ya shule, kwa mpangilio, kama mtu anayepanda ngazi. Tangu niondoke, akipewa simu alikuwa anasema shikamoo baba, mimi mzima, halafu anamrudishia mama yake. Siku nilipomtajia huyu nahodha tuliongea mpaka simu ikaisha chaji. Kwa hiyo nasoma. Macho yanauma, mgongo ndio usiseme, lakini nasoma.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Kwanza amenicheka mbele ya watu, wakati wa chakula. Ni fundi wa mashine ya kubana marobota ya karatasi. Tunalala chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kufungua mdomo bila kusema "kwanza". Kwanza, kasema, mtu mwenye akili zake hasomi cha nne bila cha tatu. Yeye alivinunua sokoni vyote isipokuwa cha sita, na amesimama kwenye cha tano mpaka cha sita kipatikane. Cha mwisho kimelala kabatini mwake, hakijafunguliwa! Nikamwambia hiyo si kusoma, hiyo ni kupanga foleni. Meza nzima ikacheka. Kijiko kikamponyoka.

Mimi namba za nini? Nina ndevu. Kitabu kimoja nahodha ana ndevu nyeusi, kingine zimechanganya mvi, kingine nyeupe pe. Mtu huanza na nyeusi akamaliza na nyeupe. Nimevipanga chini ya godoro kwa rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza hadithi yote! Yaani nimefungua kile cha ndevu nyeupe. Ukurasa wa kwanza uliobaki: nahodha mlangoni kwake, begi begani, binti yake amemng'ang'ania shingoni, hataki kumwachia, wote wawili wanalia. Na mimi nikalia, huko huko kitandani juu, nikasingizia vumbi la karatasi. Nikakifunga. Mtu akishafika kwake, kurasa nyingine za nini?

Jumapili, 9 Machi

Simu. Binti yangu amemaliza cha saba, na cha nane maktaba yao haina. Akauliza kwa sauti ndogo: baba, nahodha anarudi nyumbani? Nikamwambia anarudi! Mlango, begi, machozi, nikampa yote. Akapiga kelele za furaha mpaka mama yake akauliza kuna nini. Basi mimi na mdomo wangu! Nikaongeza ndevu, nyeupe kama chokaa.

Akasema ndevu nyeupe ni kitabu cha kwanza. Nahodha anaanza mzee. Kuna nyota huko angani, kila akiipita anazidi kuwa kijana. Pale mlangoni, baba, hakuwa anarudi. Alikuwa anaondoka. Hujasoma, akasema. Unanidanganya tu, kama uliposema unakuja likizo ile. Akamrudishia mama yake simu. Mke wangu akaniuliza nimemfanya nini mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Lazima nikipate cha nane. Nimemwendea Bwana Kwanza na kile changu cha mvi, nikaapa ni cha sita, tubadilishane. Kwanza, kauliza, mwanzo wake uko wapi? Akakishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akanirudishia.

Nikaja na hila ya pili: nitamfulia ovaroli mwezi mzima, na grisi yake yote, anionyeshe ukurasa wa mwisho tu. Akakubali. Masharti: nisisome kwa sauti, nisigune, nisibadilishe uso. Akageukia ukutani, vidole masikioni, mtu mzima yule!

Nikasoma. Nahodha anafika mlangoni. Kidevu kitupu, kijana mbichi. Anayefungua ni mwanamke mwenye mvi. Binti yake. Anamtazama, anamuuliza: unamtafuta nani, mwanangu?

Hadithi imekwisha hapo.

Niliguna. Ovaroli zimekuwa za miezi miwili.

Jumapili, 16 Machi

Mama yake ilibidi ambembeleze aje kwenye simu. Nikamwambia ukweli: anarudi, na hajulikani. Nikamsikia anavuta kamasi. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwambia aliyevipanga hivi vitabu ndiye aliyekosea, si mimi! Anza na cha nane: kijana asiyejulikana mlangoni. Shuka cha saba, cha sita, ndevu zinaota, mvi zinaingia, mpaka cha kwanza: mzee wa ndevu nyeupe, begi begani, binti yake shingoni. Ndivyo inavyosomwa! Asiyetaka akasome magazeti.

Akacheka, akasema baba wewe huna aibu hata kidogo. Akauliza ndevu zangu zikoje siku hizi. Nikasema zimeanza mvi. Akasema basi nisizinyoe, nisije nikabisha hodi akaniuliza namtafuta nani.

Hakumpa mama yake simu. Salio ndilo lililotukata.

Jumatatu, 17 Machi

Mkanda umeleta hadithi nyingine ndefu, ya mpelelezi. Nilijiapiza kutazama namba. Mkono ukatangulia! Vyote vimenyofoka, safi, msimamizi akapiga makofi. Nimechukua chembamba, nikaanzia katikati. Muuaji ni mpishi. Bwana Kwanza anayo hadithi hiyo hiyo, yuko kitabu cha pili, na anampenda sana yule mpishi. Nimemwambia.

Ovaroli sasa ni miezi mitatu. Ndevu zinawasha. Sinyoi.