Vina vya Kiingereza vya Kumuaga Mama Gladness

2 Juni 2025, Jumatatu

Mama Gladness, mkuu wetu wa idara, anastaafu. Hafla ya kumuaga ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kikaoni ikasemwa kwamba watakuwepo wageni wa mradi kutoka nje, kwa hiyo lisomwe shairi fupi la Kiingereza. Bupe wa utumishi, katibu wa kamati, akageuka kutazama dirishani. Ana shingo ya kutazamia dirishani. Nikasikia mtu akisema, "Nitaandika mimi." Ilikuwa sauti yangu.

Kiingereza changu ni cha masijala. Nakiona kwenye majalada, hatusalimiani. Lakini vina navijua. Hakuna sherehe Nzuguni ambayo sijasoma shairi, na Kiswahili changu huwaliza hata wapishi. Shairi ni shairi.

Brighton wa manunuzi akauliza kama nina kamusi. Anayo yeye, nene, ameiweka mezani ili Bupe aione. Nikamwambia sihitaji.

Ukweli ni kwamba Mama Gladness ndiye aliyenipigania nikaajiriwa, baada ya miaka ya vibarua. Nataka alie kidogo siku hiyo. Bupe naye alie, karibu na bega langu.

4 Juni, Jumatano

Nimepata ukurasa kwenye simu. Unaandika neno la Kiingereza, unaletewa yote yanayofanana nalo mwishoni. Maana hazimo. Niliandika "read", kusoma, maana Mama alitufundisha kusoma barua kabla ya kuigonga muhuri. Yakaja: "seed", "need", "feed", "weed". Yakapita mbele ya macho yangu kama mbuzi wanaorudi zizini, wote na kengele ya mlio mmoja.

Maana nazipata kwa akili. "Wed" ni kuoa, hilo niliwahi kuliona kwenye kadi. Basi "weed", yenye e mbili, ni kuoa na kudumu.

Mchana wote upepo ulivuma na vumbi likaingia hadi kwenye chai. Nilikaa nikisema taratibu, seed, need, weed, na treni ikapiga honi kule Ihumwa kana kwamba inaitikia. Jalada la mtu wa Kondoa nimeliweka kwa watu wa Kongwa. Litarudi lenyewe.

6 Juni, Ijumaa

Nilimwonyesha Bupe mwanzo wa shairi. Nilikuwa nimemwombea Mama Gladness "weed" nyingi huko aendako. Bupe akafunika mdomo. Akasema hayo ni magugu.

Akavuta kiti. Akanieleza pia kwamba "food", chakula, na "blood", damu, yameandikwa kama mapacha lakini ukiyatamka hayafanani hata kidogo. Na "good", zuri, nalo lina sauti yake.

"Ni kama ndugu wa nyumba moja wasiosalimiana," akasema.

Nikamuuliza utajuaje nani anasalimiana na nani.

"Kaka Castory, neno usilolijua, uliza. Hata Brighton atakusaidia."

Nikaitikia. Sikuwa nimesikia sana. Nilikuwa nimeshafika mbali, mimi na yeye tuna nyumba yenye mizabibu uani, watoto wanatamka "blood" vizuri, na upepo umetulia. Aliponyanyuka, kiti kikabaki na joto. Nikakihamishia masijala.

10 Juni, Jumanne

Shairi limebaki mstari mmoja. Nataka neno la kusifu jinsi Mama alivyotupatanisha, maana idara hii ilikuwa na ugomvi mwingi kabla yake. Nikafungua tena ukurasa wangu. Katikati ya kundi, limesimama peke yake: "greed".

Moyo ukatulia. Neno hili nalifahamu ukoo wake. Pembeni mwa majalada wakubwa huandika "Agreed", yaani tumekubaliana. Ondoa hiyo A ya mbele, ambayo ni ya kujisikia tu, unabaki na makubaliano yenyewe. Maelewano. Amani.

Brighton akapita akauliza kama nataka aniangalizie maneno. Nikafunika karatasi kwa sahani ya wali. Anataka Bupe ajue kwamba alisaidia.

Jioni nilikaa nje nimejifunika shuka kwa baridi. Nikaona ukumbi mzima umesimama. Nikamwona mgeni mmoja wa mradi ananiomba nakala aende nayo kwao.

13 Juni, Ijumaa

Ukumbi ulijaa. Mama Gladness alivaa kitenge kipya, mumewe kaja kutoka Mvumi na suti ya kahawia. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono muda mrefu.

Nikasoma. Ametufundisha kusoma, "read". Amepanda mbegu, "seed". Amekuwepo tulipomhitaji, "need". Kila kina kilishuka mahali pake. Nikanyamaza kidogo, kama ninavyofanya kwenye harusi, kisha nikampa mstari wa mwisho nikimtazama usoni: "We shall never forget your greed."

Ukimya uliofuata ulikuwa mzuri sana. Nikajua wameguswa. Mgeni mmoja akaweka glasi mezani taratibu. Mume wa Mama akamwinamia jirani yake kuuliza. Nyuma kabisa, Brighton alikuwa ameinamisha kichwa kama anasali.

Mama Gladness akasimama.

"Castory mwanangu, hilo neno la mwisho, kwako lina maana gani?"

"Maelewano, Mama. Amani uliyotuletea."

Akanitazama. Akawageukia watu.

"Kwa wasiojua, amesema hamtausahau uroho wangu. Ile tamaa ya mtu asiyetosheka." Akangoja kelele zipungue. "Na ni kweli. Sikutosheka. Nilizitaka hadi Jumamosi zenu. Huyu kijana nilimwomba kwa kila mwenye kalamu ya kusaini, nikikataliwa hapa naenda pale, mpaka nikampata. Kama si uroho ni nini?"

Akawaeleza wageni hayohayo kwa Kiingereza chake cha pole, nao wakapiga makofi. Akaja kunikumbatia mbele ya wote. Kweli alilia kidogo. Mimi nililia zaidi.

Bupe hakulia. Alikuwa anacheka ameshikilia meza.

23 Juni, Jumatatu

Wiki nzima wananiita Greed, hata walinzi. Nimevumilia, maana leo Bupe alikuja masijala mwenyewe. Akafunga mlango. Nikashika meza.

Anaolewa Agosti. Mchumba ni mtu wa maabara kule Mvumi. Akaniomba shairi la harusi.

"La Kiswahili, kaka. Yale yako ya Nzuguni."

Nikasema hongera. Alipotoka nilikaa nikitazama vumbi likielea kwenye mwanga. Baadaye Brighton akaingia, naye kashapewa habari. Tulikunywa chai ya chupa ya idara, tukipokezana kifuniko.

Sasa nimewaza. Kiswahili kila mtu atampa. Bupe anastahili kitu cha pekee kutoka kwangu, akikumbuke siku zote. Nimeandika "groom", bwana harusi, na ukurasa umeniletea "bloom", kuchanua, halafu neno moja tulivu linaloitwa "gloom". "Glow" ni kung'aa, "room" ni chumba. Hesabu yake ni nyepesi: chumba kinachong'aa, nyumba yenye nuru.

Brighton alisoma juu ya bega langu. Akasema "gloom" ni huzuni nzito, giza la moyo, na yupo tayari kuleta kamusi sasa hivi.

Maskini. Wivu umemwingia vibaya. Nimemwachia chai iliyobaki, kisha nikamalizia mstari: Bupe na mumewe, Mungu awape "gloom" ya kudumu.