Humfukuza, Amfukuze

Jumatatu, tarehe 3
Leo Kinyonga, karani mwenzangu, kaniita kwa jina la yule mwanafikra wa kale, karani kama sisi, aliyeandika jinsi watawala wanavyotawala. Masjala nzima ikacheka. Jina la mtu limegeuzwa tusi! Nikawaambia hakufundisha ukatili, aliueleza tu. Daktari akitaja ugonjwa, ndiye kauleta? Kinyonga akasema basi nimwandikie Mkuu hayo, kama mimi ni mwanamume kweli. Nitaandika. Mkuu akiona elimu yangu, huenda akanithibitisha kazini kabla ya Kinyonga.

Jumanne, tarehe 4
Waraka tayari. Kurasa mbili, mfano mmoja: "Mtawala mwenye hofu humfukuza mtumishi mwaminifu, wengine wakatetemeka." Humfukuza! Hiyo ni tabia yake, si ushauri wangu. Mama mdogo, mpiga chapa wetu, aliyenitafutia kazi hii, kakubali kuuchapa. Akasema, mwanangu, utajitia kitanzi kwa kalamu. Nikamwambia asihofu, sarufi inanilinda.

Alhamisi, tarehe 6
Balaa! Nimeona nakala. Mama mdogo anasema waraka usio na "Mapendekezo" Mkuu huurudisha, naye hakutaka niaibike. Kaupanga upya, na vitenzi kavinyoosha: "Mtawala amfukuze mtumishi mwaminifu, wengine watetemeke." Amfukuze! Nikauliza waraka uko wapi. Mezani kwa Mkuu, tangu asubuhi. Nimejifungia chooni nusu saa.

Ijumaa, tarehe 7
Mkuu kaniita. Akanipa mkono! Akasema vijana wenye shule ndio hawa. Akauliza mwaminifu kuliko wote hapa ni nani. Nilitaka kumweleza kuwa niliandika humfukuza, nikaishia kumshukuru. Akajijibu mwenyewe: mpiga chapa, miaka ishirini na miwili, hajachelewa hata siku moja. Saa saba mama mdogo alikuwa anafunika mashine yake. Aliponipita alisema barua ya kumfukuza kaichapa mwenyewe, haina kosa. Kinyonga, rika langu, kaniamkia shikamoo.

Jumatatu, tarehe 10
Nimethibitishwa. Nyumbani mama hanisemeshi. Mdogo wake analia chumba cha pili. Hawanielewi. Ndivyo alivyofanyiwa yule mwanafikra! Lakini dawa nimeipata. Mkuu anataka waraka wa pili, na safari hii nachapa mwenyewe. Nitamweleza kinagaubaga watawala huwafanya nini makarani wajanja wakishawatumia. Huwafanya: hu- kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Hapo hawezi kukosea.