Radi Yangu na Kamongo wa Dalmas

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Habari kubwa! Bi. Agneta, mkuu wa chuo kipya cha ufundi, amepita sokoni Kibuye akibandika matangazo. Anasema akiwa ng'ambo aliona watu wakipiganisha mashine walizoziunda wenyewe. Anataka sisi mafundi wa jua kali tufanye vivyo hivyo Jumamosi ya tarehe 17. Mashine isizidi kilo hamsini. Iongozwe kwa waya. Moto marufuku. Mshindi ataajiriwa chuoni kuwa mwalimu wa karakana.

Mwalimu! Mimi, Enos Wasike, mziba pancha!

Nilimwambia mke wangu Nasambu kwamba kazi nimeipata. Akauliza kama mashindano yameshafanyika. Nikamwambia hayo ni mambo madogo. Kufikia jioni alikuwa amewaambia wanakwaya wenzake wote. Huku mtaani Manyatta watu watatu wameshaniita Mwalimu. Sikuwasahihisha.

Dalmas Ouma naye atashiriki. Anatengeneza baiskeli, kibanda chake kinatazamana na changu. Miaka kumi na moja wateja wangu wanavuka njia kwenda kwake. Aliniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba itakuwa vizuri tukishindana wote. Nikacheka. Moyoni nilitafuna misumari.

Jumatano, 7 Oktoba

Silaha nimeipata: hewa! Kompresa ya kujazia magurudumu ninayo. Kilichokosekana ni pistoni kubwa, kama ile inayofungua mlango wa basi. Nikakumbuka Katito, nje ya mji. Kuna mjane anaitwa Mama Dorca, anafuga kuku ndani ya basi bovu.

Nilikwenda nikiwa na nia ya kuomba. Naapa. Lakini nilipofungua mdomo, maneno mengine yakatoka. Nilimwambia mimi ni mtaalamu wa kuku. Kwamba pistoni ya mlangoni inavuja mafuta, na harufu yake inazuia kuku kutaga. Mama wa watu akashtuka. Akanishikia spana nilipokuwa nikiifungua. Kisha akanifungia mayai kumi na mawili. Nilijaribu kukataa. Akasema anayemsaidia mjane haondoki mikono mitupu.

Nimekula manne. Hayakushuka vizuri.

Nimekula mengine mawili.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mashine imekamilika. Mwili ni bati la friji kuukuu. Mota ni za waipa za gari. Juu, kichwa cha jembe kwenye mkono wa chuma, na chini yake pistoni. Nimeiita Radi.

Nikajaza hewa. Majirani wakakusanyika. Nikavuta kebo ya kuifyatua pistoni.

Pistoni ililirusha jembe kwa nguvu hata Radi yenyewe ikaruka, ikatua kichwa chini. Jembe likachomoka. Likapenya ukuta wa jikoni kwa jirani yetu Mama Jentrix, likaingia kwenye sufuria ya dagaa wa omena iliyokuwa motoni.

Mama Jentrix alitoka na jembe mkononi, linadondosha mchuzi. Akauliza mbele ya watu wote kama Mwalimu angependa na ugali. Nimeshinda mchana kutwa nikikandika ukuta wake kwa udongo. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuangalia.

Na vali ya hewa imepasuka.

Jumanne, 13 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Nilikwenda kibandani kwa Dalmas, eti kumsalimu. Kumbe kupeleleza. Mashine yake anaiita Kamongo, na kweli inafanana na yule samaki wa matopeni: bapa, imelala chini, pua kama sepetu. Haina jembe wala hewa. Inaingia chini ya mwenzake na kumpindua, basi. Nimeitazama nikaona ni nzuri kuliko yangu. Iliniuma.

Dalmas akasema nisubiri anunue chai. Nikabaki peke yangu. Kila gurudumu kati ya mawili limefungwa kwa nati mbili, ya pili inaibana ya kwanza isilegee. Spana ilikuwa mfukoni mwangu. Sijui ilikuwaje. Uongo, najua ilikuwaje. Niliifungua nati ya pili ya gurudumu la kushoto, nikaitia mfukoni.

Akarudi na chai, mandazi, na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Vali! Ya lori, nzima kabisa. Alikuwa amesikia kwa Mama Jentrix kwamba yangu imepasuka.

"Chukua, omera, ndugu yangu," akasema. "Tukipigana, mashine zote ziwe nzima."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ulikuwa wangu. Badala yake nilichukua vali, nikanywa chai, na nikachagua andazi kubwa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Asubuhi nilikwenda kurudisha nati. Dalmas alikuwa ameshaondoka, Kamongo juu ya mkokoteni, kwenda chuoni. Ningeweza kumfuata. Chuo si mbali. Nilisimama pale njiani, na nikajisikia nimepumua. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Mashine sita. Moja ilikataa kuwaka, nyingine ikaunguza nyaya zake yenyewe. Fainali: mimi na Dalmas, ndani ya uzio wa mbao. Nasambu alikuja na kwaya nzima wamevaa sare.

Pigo la kwanza, jembe langu likambonyeza Kamongo mgongoni. Watu wakapiga kelele. La pili nikakosa. Mara gurudumu la kushoto la Kamongo likachomoka, likabingiria hadi miguuni pa waimbaji wa sauti ya tatu. Nikaruka kwa furaha.

Lakini mashine yenye gurudumu moja haisimami. Inazunguka! Kamongo akazunguka kama pia, pua yake ikaingia chini ya Radi, ikaibinua chali. Nikapagawa, nikavuta kebo. Jembe likapiga ardhi. Radi ikaruka uzio kama mbuzi na kuishia mtaroni.

Dalmas akatangazwa mshindi. Alitaka kurudishia gurudumu kabla ya picha, akaniomba spana namba kumi na saba. Nikaitoa mfukoni. Nati ikatoka nayo, ikaanguka kwenye simiti, ikabingiria hadi kwenye kiatu chake.

Akaiokota. Akaijaribu kwenye bolti. Ikaingia.

"Wasike," akasema polepole, "hii ni yangu."

Nikaifuta spana iliyokuwa safi.

"Ungeniambia tu kwamba unaitaka kazi kiasi hicho."

Bi. Agneta akatufikia, akauliza kuna nini. Nilingoja anitaje.

"Hakuna kitu, Madam," Dalmas akasema. "Bwana Wasike amenipatia nati yangu iliyokuwa imepotea."

Wakanipigia makofi! Kwaya ikaniimbia. Nasambu akafuta machozi kwa fahari. Dalmas peke yake hakunitazama. Nilitamani kuifuata Radi mtaroni.

Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani mhubiri alisoma habari za mwizi. Nilihisi ananiangalia mimi. Tulipofika nyumbani nilimwambia Nasambu yote: kazi, kuku, nati. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema pistoni ataipeleka Katito mwenyewe, kwa sababu haamini kwamba nikitoka nayo nitafika. Mimi niende kwa Dalmas, nimwombe msamaha kwa maneno yaliyonyooka. Niliapa nitakwenda kesho asubuhi. Nililia kidogo. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nilitoka mapema kwenda kwa Dalmas. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri. Njiani nikakutana na mvuvi kutoka Dunga, kule ziwani. Anasema magugumaji yameziba ufuko, mitumbwi haitoki. Wanatafuta fundi wa kuwaundia mashine ya kuyakata.

Nilirudi nyumbani mbio kuchora. Mota mbili, meno ya msumeno, mapipa ya kuifanya ielee. Itakata kuanzia Dunga mpaka Kendu Bay! Dalmas atasubiri. Msamaha hauozi.

Kinachokosekana ni mnyororo mrefu tu. Upo mmoja mzuri sana kwenye lango la kanisa. Mlinzi ni Mzee Opiyo. Kesho nitamweleza kwamba una kutu, unaweza kumkata mtoto, na mimi nimetumwa na wazee wa kanisa nikaupime. Mzee Opiyo ni mtu mwema. Hataniuliza maswali.